Baada ya Marahaba

9 Februari

Kaka yangu Nukta,

Nakusalimu kwanza kwa adabu, kabla sijakugombeza. Kutogombezwa na mimi muda mrefu kumekuharibu, na barua zako zimekuwa fupi kama risiti.

Huku watu wapo. Mdogo wetu Randa bado anaranda mbao zake, na masikio yamejaa vumbi kiasi kwamba ukimwambia kitu mara ya kwanza unakuwa umejizoeza tu. Amepata mjukuu mwingine. Kichwa kikubwa kama cha babu yetu, basi tumeridhika kwamba ukoo haujapotea njia.

Usinipigie simu, imeharibika. Ukipiga utamsikia yule dada anayesema mteja hapatikani, na kwa upweke wako wa huko naogopa utaanza kumzoea.

Mimi nipo. Nina kikohozi kidogo, cha vumbi tu. Nimemwambia Randa anishushie kitanda sebuleni kwa sababu chumba cha juu kina joto. Hata hivyo siku hizi napenda zaidi kile kiti cha marehemu shemeji yako. Nakaa nasoma mpaka usingizi unanikuta humo humo. Ukimpata mtu anayekuja upande huu, nitumie viatu vya wazi, namba moja zaidi ya ile ya zamani. Ngozi ya viatu vya siku hizi inasinyaa vibaya.

Kuhusu kikohozi usijisumbue, niko mikononi mwa Swali. Unamkumbuka Swali? Yule mwanafunzi wangu aliyeuliza kwa nini namba haziishi, nikamwambia akae chini, akauliza kukaa chini kutasaidiaje. Sasa ni daktari. Ana chumba chake hospitalini, na jina lake limeandikwa mlangoni kwa rangi nyeusi. Jina hilo nilimfundisha mimi kuliandika. Kila nikifika pale nalisoma kwa sauti kabla ya kubisha. Amenipa dawa ya maji, naendelea nayo.

Wote wanakusalimu.

Dada yako,
Kengele


2 Machi

Mdogo wangu Kengele,

Salamu na ugomvi vimefika pamoja, havikuchanika njiani. Mpe Randa hongera ya kichwa kipya. Mimi niko na chumba changu na dirisha langu. Baridi ya huku imeanza kulegea, na jirani yangu fundi saa, mstaafu kama mimi, anakuja jioni tunacheza drafti. Ananifunga kila mara, halafu anasikitika kwa niaba yangu.

Unajua kazi iliyonilisha miaka yote hii. Nilipokuja huku sikuwa na kitu isipokuwa macho, wakanipa kusahihisha vitabu kabla havijachapwa. Watu hudhani msahihishaji anasoma kilichoandikwa. Hicho kila mtu anakiona. Kazi yangu ilikuwa kuona kilichorukwa.

Basi nimeisoma barua yako kikazi. Kitanda kimeshuka kutoka juu. Wewe umeshuka kutoka kitandani, ukahamia kwenye kiti. Viatu vimesinyaa vyote kwa pamoja, kana kwamba vilikubaliana. Na simu imeharibika wakati huo huo. Simu ina tabia moja mbaya: inasikia pumzi za mtu hata asiposema kitu.

Mimi si daktari, wala sitaki kukupa ugonjwa kwa njia ya posta. Naomba jambo moja tu. Niandikie mlivyozungumza wewe na Swali siku ya mwisho ulipokwenda kwake. Neno kwa neno, tangu ulipobisha mlango.

Viatu vinakuja.

Kaka yako,
Nukta


28 Machi

Kaka,

Viatu vimefika, vinanitosha, asante. Hapo shukrani zangu zinaishia.

Unataka neno kwa neno, Bwana Msahihishaji? Haya.

Nilibisha. Akajua ni mimi. Anasema hakuna mwingine anayebisha hodi kama anaita watu mstarini. Nikaingia, akasimama. Daktari mzima na koti lake jeupe, amesimama wima, mikono nyuma, kama siku ile nilipomkuta juu ya paa la ofisi ya walimu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, baba. Mama yako?”

“Hajambo, anakusalimu.”

“Mgongo wake?”

“Bado unamsumbua.”

“Mwambie aache kubeba ndoo, umri huo haurudi nyuma. Na wewe umekonda. Unakula?”

“Nakula, Mwalimu.”

“Unakula nini? Chai si chakula.”

Kuna nesi mmoja mtu mzima huwa naye mle ndani. Alijifanya anapanga chupa, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

“Na wewe, Mwalimu, kile kikohozi?”

“Kidogo tu.”

“Kimepungua?”

“Si haba.”

“Kuna kingine kinachokusumbua?”

“Uzee, baba. Una dawa yake?”

Akacheka, nikacheka. Akaniwekea kile kipimo chake cha kifuani juu ya mtandio, akasikiliza kidogo, akaniomba radhi. Aliniomba radhi, Kaka! Vijana wenye adabu hiyo wamebaki wangapi? Akaandika dawa. Nikamsahihishia herufi moja, akashukuru. Kisha akanisindikiza mpaka nje, mkoba wangu kaubeba yeye, na foleni nzima ikaona. Niambie ni mgonjwa gani mwingine anayesindikizwa hivyo.

Sasa umeridhika? Nimetibiwa vizuri kuliko wewe huko kwenye mashine zenu.

Randa anakusalimu, ameangukiwa na ubao kwenye kidole, lakini kidole ndicho kilichokosea.

Kengele


20 Aprili

Mdogo wangu,

Pole kwa kidole cha Randa. Huku miti imeanza kutoa majani na fundi saa amepata mafua; ameniachia ushindi wa siku mbili.

Nimeisoma barua yako, nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikaisoma tena, sikucheka.

Katika chumba kile, mgonjwa aliyehojiwa sawasawa ni mmoja tu, naye ni mama yake Swali. Umemuuliza mgongo wake unaendeleaje, anafanya kazi gani inayouumiza, ukampa na ushauri. Ukamkagua daktari mwenyewe uzito na chakula. Ulifanya kazi nzuri ya udaktari. Tatizo ni kwamba daktari hakupata nafasi ya kufanya ya kwake.

Nimefikiri sana kwa nini, na naona kosa ni la ile marahaba. Akishakuamkia, ukaitikia, mmekwisha kupanga nani mkubwa. Na kwetu mkubwa haumwi mbele ya watoto. Yeye naye hawezi kumwambia mwalimu wake avue viatu. Mnaheshimiana mno, wote wawili, na katikati ya heshima hiyo hapana aliyekutazama.

Mama alipougua mlikuwa mkiniandikia kila mwezi. Hati safi, yako. Mama amecheka leo. Mama amemgombeza Randa. Barua ya mwisho ilisema amekula vizuri, na ilinifikia baada ya simu ya msiba. Sikulaumu, naye ndivyo alivyowaambia ninyi. Nakumbuka tu kwamba katika moja ya zile barua kulikuwa na sentensi kwamba siku hizi anapenda kulala amekaa.

Ukienda tena, mdogo wangu, usimpelekee jina la ugonjwa. Jina ni kazi yake. Mpelekee habari. Mwaka jana uliniandikia kwamba unapanda ngazi za nyumbani huku unaimba. Mwaka huu unapumzika wapi? Ukilala chali inakuwaje? Mwambie kila unachokunywa, hata kile cha dukani, hata kile unachopewa na majirani kwa nia njema. Lile zito lianze, maana ukiliweka mwisho litamkuta ameshika kitasa cha mlango akusindikize. Na akiisha kusema lake, muulize: “Kama siyo hicho, kinaweza kuwa nini?” Siyo tusi. Mimi nilimuuliza mchapaji mkuu swali hilo kila asubuhi na hakuniona adui, isipokuwa mara chache.

Nenda mapema. Nakuomba kama kaka, na kama mtu aliyebaki na dada mmoja.

Nukta


3 Mei

Kaka,

Barua yako imefika.

Mimi, niliyefundisha nusu ya mji huu kusema, wewe unanifundisha kusema.

Wote wanakusalimu.

Kengele


5 Juni

Mdogo wangu,

Sijapata kitu kutoka kwako tangu ile ya mistari mitatu. Posta ya huku haina kosa. Magazeti nisiyoyataka yanafika kila siku.

Nimekupigia. Yule dada amesema hupatikani. Ulisema kweli, nimeanza kumzoea.

Niandikie hata matusi.

Nukta


19 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Usishtuke ukiona mwandiko umelala upande. Naandikia kitandani, hospitalini, na godoro hili lina bonde katikati. Nimo humu tangu wiki iliyopita na natarajia kutoka kesho kutwa. Nimeanza na mwisho ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Nilikukasirikia. Nilisema, huyu miaka yote anakaa huko anasoma koma za watu, leo anakuja kusoma na miguu yangu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba ulikuwa umepatia.

Sasa sikiliza. Shule yangu ya zamani ilikuwa inagawa zawadi, wakaniomba niseme maneno machache. Unaijua sauti yangu. Haijawahi kuomba kipaza sauti. Nilisimama, nikaanza, na nikiwa katikati ya sentensi pumzi ikaniishia. Sikusahau, Kaka. Neno lilikuwa pale, nililiona kabisa, lakini hapakuwa na upepo wa kulisukuma. Nikashika meza. Wazazi wakadhani nimezidiwa na furaha. Wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Nilikaa chini nikipigiwa makofi, na mimi nilikuwa nazama.

Kesho yake nikaenda kwa Swali. Njiani nilikuwa na hotuba nzima kichwani, lakini nilijua akishaniamkia tu, nitamuuliza habari za mama yake. Ulimi wangu haujui njia nyingine. Basi nikabisha, nikaingia, akainuka, na kabla hajafungua mdomo nikasema mimi:

“Shikamoo, Daktari.”

Nesi akaacha chupa zake. Swali akabaki kama amemwagiwa maji.

“Mwalimu, usinifanyie hivyo.”

“Nimekuamkia. Itikia.”

“Siwezi. Mama akisikia atanilaani.”

“Nitazungumza naye mimi. Nje ya mlango huo mimi ni mkubwa wako mpaka niingie kaburini. Humu ndani mkubwa ni wewe, na mimi nimekuja na shida. Kama huwezi kuniitikia, niambie, nitafute atakayeweza.”

Akaitikia kwa sauti ya mbu.

“Sauti!” nikasema. Mazoea, Kaka, hayatoki kwa siku moja.

“Marahaba, mama,” akasema. Hakusema Mwalimu. Akaketi, na mimi nikaketi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kiti cha mgonjwa mle ndani ni kifupi kuliko chake.

Nikamwambia: “Silali kitandani tangu mwaka uanze. Nikilala chali nazama. Ngazi za nyumbani nazipanda kwa vituo kama gari bovu. Viatu vyangu vyote vimeikataa miguu. Jana nimeshindwa kumaliza sentensi mbele ya shule nzima. Na kile kikohozi siyo kidogo. Nilikuwa nakudanganya.”

Akaweka kalamu chini. Hapo ndipo nilipomwona yule wa darasa la nne. Kaka, aliuliza! Uvimbe ulianza wapi, kifundoni au juu? Jioni unazidi? Nikiamka usiku kukohoa, nikikaa napata nafuu? Mapigo ya moyo yanaruka? Katika ukoo kuna aliyeumwa hivi? Nikamwambia habari za Mama, za kulala amekaa. Akanivua viatu mwenyewe, akapiga goti sakafuni, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, na alipoondoa kidole shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Tukalitazama wote watatu. Nesi akavuta pazia, mtandio ukatoka, akasikiliza mgongoni taratibu mpaka nikadhani amelala.

“Unakunywa dawa gani nyingine?”

“Hakuna.”

Halafu nikakumbuka maneno yako, kile cha dukani. “Isipokuwa vidonge vya goti. Nanunua mwenyewe. Hivyo si dawa, ni vidonge vya goti tu.”

“Kila siku?”

“Asubuhi na jioni.”

Akafumba macho. Akanieleza kwamba vidonge vya namna ile vinaufanya mwili ushike maji, na mimi moyo wangu tayari umechoka kuyasukuma. Nimekuwa nikitia maji kwenye mtumbwi unaovuja.

Nikamuuliza lile swali lako: kama siyo moyo, kinaweza kuwa nini? Hakukasirika. Alisema figo, au mapafu, akanieleza atajuaje, na siku ile ile nikapigwa picha ya moyo na kutolewa damu. Ni moyo. Ameniambia wazi kwamba hautarudi kuwa mpya, lakini ukitunzwa utafanya kazi, na kwamba ningechelewa zaidi angekuwa anazungumza na Randa, siyo na mimi.

Siku ya pili nikamwambia anieleze dawa zangu kama anaeleza darasa, halafu na mimi nimrudishie kwa maneno yangu, asahihishe. Nilipata zote isipokuwa moja: nilisema kile cha kutoa maji nakunywa jioni. “Hapana, mama, asubuhi, vinginevyo utakesha chooni.” Nikamwambia, hilo lilikuwa swali la mtego. Halikuwa.

Alikiri kwangu jambo moja alipokuja jana na daktari mwanafunzi. Alisema kila nilipoingia alitaka kuniuliza zaidi, ila alihisi kama ananipa mtihani. Nikamjibu mbele ya yule mwanafunzi kwamba nimefundisha miaka yote ile nikitamani siku moja nipate mtahini anayenifaa.

Kaka, nimevimba, na safari hii si miguu. Hicho kichwa kilichougundua ugonjwa wangu, mimi ndiye niliyekiambia kikae chini, na hakikukubali.

Nalala chali sasa. Na simu imepona, kimuujiza. Piga ukitaka, nitaongea sentensi ndefu.

Randa analeta uji kila asubuhi na kulaumu kitanda cha watu kwa mbao mbovu.

Dada yako,
Kengele


14 Julai

Kengele wangu,

Nimekusikia kwenye simu, lakini mambo mengine siwezi kuyasema kwa mdomo. Umri wote nimeyazoea kwenye karatasi.

Barua yako nimeikunja na kuikunjua mpaka imepata ulaini wa kitambaa. Nimesahihisha maandishi ya watu wakubwa, majaji, maprofesa, hata waziri mmoja asiyejua kuweka nukta. Sijawahi kukutana na sentensi iliyowekwa mahali pake kama hiyo shikamoo yako. Mimi nilikuandikia kurasa nzima za ushauri, na ndani yake sikuthubutu kufikiria jambo kama hilo. Nilikuonyesha ukuta. Mlango umeutafuta mwenyewe.

Hapa kwenye jengo letu sasa una sifa usizozijua. Nilimsomea fundi saa barua yako nzima, nikiitafsiri polepole kwa lugha ya huku. Nilipofika kwenye shikamoo nikakwama. Hawana neno hilo. Nikamweleza kwamba wazee wetu husema maana yake ni nashika miguu yako. Aliirudisha kete mezani, akasema: “Kwa hiyo dada yako, mwenye miguu iliyovimba, alishika miguu ya kijana, ndipo kijana akashika ya kwake.” Nikamwambia ndiyo, alipiga goti kabisa. Mzee huyo hakucheza tena jioni ile. Alipokuwa anaondoka aliniambia kwamba ana maumivu ambayo hajamwambia mtu, na kwamba atakwenda kuyasema.

Mwambie Swali kwamba kaka wa mwalimu wake anamheshimu. Kijana kumwitikia mwalimu wake marahaba, ili amtibu, si kazi ndogo. Mwambie pia kwamba akikutana na mzee mwingine anayejibu “si haba”, amvue viatu hapo hapo.

Mwaka huu hukuniuliza hata mara moja nitarudi lini, kama ulivyozoea. Nimeona kilichorukwa, na nimekushukuru. Mahali nilipoondoka hapapo tena jinsi nilivyopaacha, na mimi vilevile. Lakini nilipokusikia ukimaliza zile sentensi ndefu kwenye simu, moja baada ya nyingine, bila kuhema, nilikaa hapa dirishani nikihisi nimefika nyumbani na nimekaribishwa kiti.

Asubuhi hii nimekutana na fundi saa kwenye ngazi, ametoka kwa daktari wake, ana barua ya kwenda kufanyiwa vipimo. Akaniuliza habari zako, na mimi nikataka kumjibu kama tunavyojibu siku zote, hajambo. Nikalisimamisha neno hilo mdomoni, nikalitazama kikazi. Ukilipasua katikati, linasema: hana jambo.

Nikamwambia, hapana. Dada yangu ana jambo, na amelisema.

Kaka yako anayejivunia,
Nukta